Kwa nini pikipiki ya cc 1250 isiyo na kava inaendesheka kwa utulivu kuliko cc 600? Na je, ndiyo pikipiki ya busara ya kila siku?

#1 Mwendo Kati (mleta mada)
Habari wakuu.

Nimeendesha 600 ya mbio muda mrefu: kazini, sokoni, safari za mwisho wa wiki, kila kitu. Sasa jamaa yangu amesafiri, kaniachia Suzuki Bandit 1250, ile iliyo uchi, niwe naiwasha isilale. Nilijiandaa kwa vita. Injini mara mbili ya yangu, uzito robo tani ikiwa na mafuta. Nimekuta kinyume kabisa. Kwenye foleni naweka gia ya tatu, naachia klachi, inatambaa yenyewe. Nikitaka kupita lori naongeza mafuta tu, mguu haugusi gia. Mabega hayaumi, viganja havifi ganzi.

Halafu naangalia karatasi. Bandit ina nguvu ya farasi 98. Yamaha R6 ya 2017, ambayo nayo ni 600 ya mbio, ina 118. Yaani yenye nguvu ndogo ndiyo inayonipitisha lori bila jasho.

Hoja yangu: mtu wa kawaida anayetaka pikipiki moja ifanye kazi zote achukue roadster (pikipiki ya barabarani isiyo na kava) kubwa, cc 1000 kwenda juu. Swali langu: huu utulivu unatoka wapi? Injini, uzito, mkao, au nimezeeka?

#2 Nyundo Kavu
Umezeeka. Uzi ufungwe.

#3 Spana Kumi
Nakaa hapa mlangoni. Waje wenye vyuma.

#4 Bi Mizunguko
Mleta mada, usiangalie farasi za mwisho, angalia zinapatikana kwenye mizunguko mingapi. Hizo 98 za Bandit ziko kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika. Za R6 ziko 14,500. Nani kati yenu anakwenda kununua mkate kwenye mizunguko 14,500?

Sasa njoo kwenye torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Bandit 1250 inatoa Nm 108, na inazitoa kwenye mizunguko 3,700 tu. R6 inatoa Nm 61.7, tena mpaka ufike 10,500. Hesabu ni nyepesi: torki mara mizunguko, gawa kwa 9,549, unapata kilowati. Bandit kwenye 3,700 ni kW 42 hivi, sawa na farasi 57. R6 kwenye mizunguko hiyo hiyo, hata tukiipa torki yake yote ya kileleni, na haina torki hiyo pale chini, haivuki farasi 33.

Hizo farasi 57 unazo mkononi muda wote unatembea kistaarabu. Ndiyo maana mguu haugusi gia.

#5 Shusha Gia
Bi Mizunguko hesabu yako ni safi lakini umeilinganisha vibaya. Hakuna anayetembeza R6 kwenye 3,700 akitaka kupita lori. Anashusha gia mbili, anakuwa 8,000 au 9,000, anapita. Kinachosukuma pikipiki ni nguvu inayofika kwenye gurudumu, na giaboksi ipo kwa kazi hiyo. Injini ndogo yenye gia fupi inaweza kusukuma sawasawa na kubwa yenye gia ndefu. Torki ya krenki (mhimili mkuu wa injini) peke yake haisemi kitu.

#6 Bi Mizunguko
Shusha Gia, mleta mada hakuuliza ipi ina kasi. Kauliza ipi imetulia. Umemjibu kwamba ashushe gia mbili na injini ipige kelele. Asante kwa kunisaidia.

#7 Nyundo Kavu
😂😂 Kapewa jina analostahili.

#8 Fundi Mkimya
Ngoja niongeze historia kidogo. Bandit ya kwanza kubwa, ile ya cc 1157 iliyotoka katikati ya miaka ya 1990, injini yake ilizaliwa kwenye GSX-R1100, pikipiki ya mbio. Walichofanya Suzuki ni kupanua silinda kutoka milimita 78 hadi 79, cc zikapanda kutoka 1127 hadi 1157, halafu wakaifunga pumzi: kemshafti (mhimili unaofungua valvu) laini zaidi, kabureta ndogo zaidi. Kwenye GSX-R ilitoa farasi zaidi ya 120. Kwenye Bandit wakaishusha karibu na 100.

Hapo ndipo utulivu ulipo kwa maoni yangu. Injini iliyojengwa kubeba mzigo mkubwa imepewa mzigo mdogo. Haijitutumui, haichemki, na inaishi miaka mingi. Suala si ukubwa wa cc, ni kwamba imenyimwa makusudi.

#9 Pikipiki Yangu
Fundi uko sahihi, na ndiyo maana hizi 1250 zinadumu, zinatumia injini ile ile ya oili na shafti (mhimili unaozungusha gurudumu la nyuma) badala ya cheni.

#10 Fundi Mkimya
Mkuu, hapana kwa yote mawili. 1250 ilitoka 2007 na ni injini mpya: cc 1255, inapozwa kwa maji, ina rejeta, ina injekta, gia sita. Ile ya kupozwa kwa hewa na oili iliishia kwenye 1200. Na hakuna Bandit yenye shafti. Ni cheni toka mwanzo hadi mwisho.

#11 Pikipiki Yangu
Ya jirani yangu ina shafti.

#12 Spana Kumi
Basi ya jirani yako si Bandit 😂

#13 Pembe Mbili
Mnazunguka mbali. Mkitaka roadster ya busara semeni BMW R 1250 R tumalize. Injini ya boksa, cc 1254, farasi 136, Nm 143 kwenye 6,250. Shafti, kwa hiyo husahau habari za kupaka cheni mafuta. Kemshafti ya kuingiza hewa inahama yenyewe kati ya umbo la upole na umbo la nguvu, karibu na mizunguko 5,000. Kwa hiyo una pikipiki mbili ndani ya moja: ya mjini na ya barabara kuu. Silinda zimelala kulia na kushoto, uzito uko chini, ukikunja kona inajilaza yenyewe.

#14 Nyundo Kavu
Boxer? Ile ya 150 yenye keria?

#15 Pembe Mbili
Nilijua itakuja tu.

#16 Mzee wa Safari
Naunga mkono boksa. Nyongeza: ukishika breki ya mbele haiinami pua, kwa sababu ya ule mkono wa Telelever unaotenganisha usukani na kazi ya shokapu. Kwa abiria wa nyuma ni raha, hamgongani helmeti.

#17 Fundi Mkimya
Mzee wangu, shikamoo. Telelever ilikuwepo kwenye R 1150 R na R 1200 R mpaka 2014. Ilipokuja ya kupozwa kwa maji mwaka 2015 rejeta ilihitaji nafasi pale mbele, wakaiondoa wakaweka shokapu za kawaida zilizopinduliwa. Kwa hiyo 1250 R haina. Ukiipenda Telelever kwenye roadster tafuta za nyuma ya hapo.

#18 Mzee wa Safari
Marahaba. Mimi nasema ya kwangu, nayo ni 1150. Raha iko pale pale. Na tusisahau BMW ndio walioleta shafti duniani, R 32 ya 1923.

#19 Bi Mizunguko
R 32 ndiyo pikipiki ya kwanza ya BMW, boksa ya cc 494, na kweli ilikuja na shafti. Lakini FN ya Ubelgiji iliuza pikipiki ya silinda nne yenye shafti tangu 1905. BMW waliishikilia muda mrefu kuliko wengine, hilo nakubali.

#20 Mzee wa Safari
Wabelgiji nao hawana dogo.

#21 Cheni Kavu
Mnaisifia shafti kana kwamba haiharibiki. Mimi niliwahi kuwa na yenye shafti, kampuni sitaitaja. Siku moja naona tairi la nyuma linang'aa upande mmoja, nikadhani nimepita kwenye maji. Kugusa, oili. Sili ya gia ya nyuma imekwisha, beringi nayo inacheza: ukishika gurudumu juu na chini ukalitikisa unasikia kabisa linagota. Kilichofuata ni gharama ya kulilia. Cheni na sproketi zikiisha unabadilisha nyumbani na spana zako. Shafti ikizingua unapiga magoti kwa fundi.

Kwa hiyo Pembe Mbili, hayo mambo ya kusahau hayapo. Oili ya gia ya nyuma ina muda wake, na valvu za boksa zinapimwa kila km 10,000. Bandit 1250 valvu zake ni km 24,000.

#22 Pembe Mbili
Kweli, lakini za boksa ziko nje huku pembeni, unazifikia umekaa kwenye kigoda. Za silinda nne unavua tanki, unavua boksi la hewa, unavua nusu ya pikipiki ndipo uone kifuniko. Mwenye kufanya mwenyewe anajua ipi inamuudhi.

#23 Kimo Kifupi
Salaam. Mimi ni mwanamke, miguu yangu haina urefu wa kujisifia, na naendesha roadster ya cc 1200 kila siku. Nataka kusema kitu kuhusu huo utulivu mnaousifia: unaanza ukishatembea. Ukiwa umesimama robo tani ni robo tani, haijui kama una akili au huna.

Kiti ndicho kilichoniamulia. Hizo R 1250 R za BMW uliweza kuagiza kiti cha chini, milimita 760, badala ya 820 ya kawaida. Bandit 1250 kiti chake unakipandisha na kukishusha sentimita 2 hivi. Sentimita 2 ni tofauti ya kukanyaga kwa vidole na kukanyaga kwa nusu unyayo. Anayeona ni kidogo ana miguu mirefu.

Na kuangusha mtaangusha tu, kwa hiyo jifunzeni kunyanyua. Zima injini. Ikiwa imelalia kulia, toa stendi ya pembeni kwanza, maana ikinyanyuka inaweza kupitiliza na kulala upande wa pili. Weka gia ya kwanza isibiringike. Geuka uipe mgongo, kalisha makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja handeli, mwingine fremu ya nyuma. Halafu usivute kwa mikono. Sukuma kwa miguu, hatua ndogondogo kwenda kinyumenyume, macho mbele. Nainyanyua peke yangu na sina misuli yoyote. Wanaume niliowaona wakivuta kwa mikono ndio wanaoshika viuno.

#24 Mwendo Kati (mleta mada)
Dada asante sana, hili bandiko nalihifadhi. Jamaa akirudi akute chuma chake kizima.

#25 Nyundo Kavu
"Ikilalia kulia." Mleta mada ashaangusha huyu, anatafuta namna ya kusema.

#26 Krenki Nzito
Naona hakuna aliyetaja kitu cha msingi. Utulivu unatokana na uzito unaozunguka. Krenki ya injini kubwa ya kistaarabu ni nzito, ikishashika mwendo haitaki kubadilika haraka. Ukitetemesha mkono kidogo kwenye shimo, 600 inaruka na kukata, ruka, kata. Kubwa inameza huo mtetemo. Pia ndiyo sababu haizimi unapoachia klachi vibaya. Torki mnayoisifu iko pale pale kwenye injini zenye krenki nyepesi na hazina utulivu wowote.

#27 Shusha Gia
Sasa tunaongea. Na ninao mfano unaoua hoja ya torki kabisa. KTM 1290 Super Duke R ya 2014: cc 1301, torki Nm 144. R 1250 R ya Pembe Mbili: cc 1254, torki Nm 143. Karibu mapacha. Waulize waliopanda zote mbili ipi imetulia. Ile ya Austria ina farasi 180 na inataka kukutupa nyuma. Kama torki ndiyo inayoleta utulivu, mbona hii haina?

#28 Bi Mizunguko
Mfano mzuri, lakini unaua na hoja ya kwamba cc ndiyo sababu. Na hauui yangu. Mimi nimesema torki *chini*, na nikatoa namba ya 3,700. Hao mapacha wako wote wawili wanafikia kilele juu ya 6,000.

Halafu KTM ni kilo 189 bila mafuta. R 1250 R ni 239 ikiwa imejaa. Toa mafuta bado pengo lipo.

#29 Upepo Usoni
Kwa hiyo ni uzito! Pikipiki nzito na ndefu kati ya magurudumu haitikisiki. Wembamba wanarushwa na kila upepo wa lori.

#30 Krenki Nzito
Uzito uliosimama na uzito unaozunguka ni vitu viwili tofauti mkuu.

#31 Kijana wa Kabureta
Wote mmesahau mkono wa mafuta. Kwenye Bandit 1250 kuna vipepeo (vifuniko vya kupitisha hewa) viwili kwenye kila koo la hewa: kimoja unakifungua wewe, kingine kompyuta inakifungua taratibu kadiri inavyoona inafaa. Ukikurupuka, yenyewe haikurupuki. Utulivu mwingine ni programu tu. Ndiyo maana pikipiki za sasa zina hali ya mvua na hali ya mbio: injini ile ile, tabia mbili.

#32 Fundi Mkimya
Na Bandit 1200 ya kabureta, isiyo na kompyuta ya kuibembeleza? Waliokuwa nayo wanakumbuka ilivyokuwa inanyanyua gurudumu la mbele. Sifa yake kubwa haikuwa utulivu 😀

#33 Kijana wa Kabureta
Umeona? Umenithibitishia.

#34 Fundi Mkimya
Nimekuthibitishia nini, hiyo ndiyo niliyosema imenyimwa pumzi.

#35 Bora Kidogo
Samahani wakuu, mimi nipinge hoja kuu ya mleta mada. Busara gani ya kununua robo tani uende nayo kazini? Yamaha MT-07: cc 689, silinda mbili, Nm 68, farasi kama 75, uzito karibu kilo 180. Inapita foleni, inapita lori, inakula kidogo, tairi zake zinachelewa kwisha. Unapata asilimia kubwa ya huo utulivu bila kubeba jiwe. Kubwa ni starehe, tusiiite busara.

#36 Mzee wa Safari
Kijana, mpakie mtu mzima nyuma, weka mabegi mawili, panda mlima mrefu. Halafu urudi hapa utusimulie asilimia.

#37 Bora Kidogo
Shikamoo mzee. Nimefanya hivyo, na kweli nilishusha gia. Lakini safari ya namna hiyo ni mara ngapi kwa mwaka? Mtu ananunua pikipiki kwa ajili ya siku chache, zilizobaki anaisukuma kwenye maegesho kwa tumbo.

#38 Mzee wa Safari
Marahaba. Siku hizo chache ndizo ninazozikumbuka.

#39 Upepo Usoni
Kitu kimoja kuhusu zisizo na kava. Mjini tamu. Ukivuka km 110 au 120 kwa saa upepo unakuvua shingo, maana ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo: mwendo mara mbili, upepo mara nne. Watu wanakimbilia kufunga kioo kidogo cha mbele, halafu wanalalamika helmeti inapigwa makofi. Kioo kifupi kinachukua upepo wa kifuani na kuutupa usoni ukiwa umevurugika. Mimi nilitoa changu. Upepo safi wa kifuani unachosha kidogo, lakini kichwa kimetulia.

#40 Kimo Kifupi
Kwangu kioo hicho hicho kinafanya kazi vizuri kabisa. Kwa mara ya kwanza ufupi umelipa 😄

#41 Mgeni wa Juzi
Mimi ndiyo naanza kujifunza. Niko Ulaya, nina leseni ya A2, ile ya pikipiki za nguvu ya kati. Naweza kuchukua Bandit 1250 nikaifunga nguvu mpaka nikimaliza muda?

#42 Shusha Gia
Ndiyo, unafunga tu kifaa, inashuka hadi kW 35, unaendesha.

#43 Bi Mizunguko
Hapana, usimdanganye. A2 ina masharti, na mawili kati yake ni haya: isizidi kW 35, na kabla ya kufungwa isiwe na zaidi ya kW 70. Farasi 98 ni kW 72. Imekosa kwa kW 2. R 1250 R ndiyo usiulize, ni kW 100. MT-07 ya Bora Kidogo inafungwa vizuri tu.

#44 Bora Kidogo
Sisemi kitu. Nakunywa maji.

#45 Cheni Kavu
Mgeni, ukifika wakati wako tafuta yenye ABS, breki zinazozuia gurudumu lisijifunge. Ulaya pikipiki mpya za juu ya cc 125 zote zinatoka nayo tangu 2017, lakini Bandit za mwanzo ziko zilizo nayo na zisizo nayo. Muuzaji anaweza kukwambia ipo: wewe angalia pete yenye matundu kwenye gurudumu la mbele, karibu na diski, na waya wa sensa unaoingia hapo. Hakuna pete, hakuna ABS.

#46 Nyundo Kavu
Mimi XJR1300 imeniuma. Yamaha waliiacha kwa sababu ya Euro 4, kanuni ya Ulaya ya moshi wa injini, maana injini ya hewa tupu haikuweza kupita. Na Honda CB1300 nayo wametoa toleo la mwisho 2025. Mleta mada anasema ndiyo pikipiki ya busara huku viwanda vinazizika.

#47 Krenki Nzito
Leo umeandika kitu cha maana, uko salama?

#48 Pembe Mbili
Zinazikwa za silinda nne. R 1300 R imetoka, farasi 145, Nm 149, kilo 239 zile zile. Boksa haifi.

#49 Mwendo Kati (mleta mada)
Asanteni wote. Mpaka sasa nina torki ya chini, kunyimwa pumzi, krenki, uzito, vipepeo na uzee. Jana nimejaribu alichosema Shusha Gia: nikapanda 600 yangu, nikashusha mbili, nikapita lori. Imepita vizuri tu. Lakini nilikuwa nimeshika handeli kwa nguvu bila kujua, mpaka niliposimama ndipo nikaachia vidole. Kwenye Bandit sijawahi kushika hivyo. Na hapo namba za injini hazijaingia bado, labda ni handeli pana na mgongo ulionyooka tu.

Swali lingine dogo: cheni ya Bandit inalegea kidogo, inagonga nikitambaa. Ulegevu unaokubalika ni kiasi gani?

#50 Cheni Kavu
Nyingi za aina hii ni milimita 20 hadi 30, pima katikati ya upande wa chini, lakini soma kibandiko kwenye mkono wa nyuma wa gurudumu. Zungusha gurudumu upime sehemu kadhaa. Ikiwa huku imekaza na kule imelegea, usiikaze, imekwisha, badilisha na sproketi zake.

#51 Shusha Gia
Handeli pana? Basi chukua 600 iliyo uchi yenye handeli pana, Bandit 600 kwa mfano, uone kama kinachobaki ni torki.

#52 Bi Mizunguko
Weka hapa grafu ya nguvu ya gurudumu, gia kwa gia, zote mbili. Tusiongee kwa midomo.

#53 Spana Kumi
Yangu ni swali tu: ikiangukia kushoto, stendi unaitoaje?